Jinsi homoni ya estrojeni inavyoziamrisha jeni za saratani ya matiti

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Huenda methali hiyo haina mahali inapofaa zaidi kuliko katika saratani ya matiti, ugonjwa ambao mara nyingi hulishwa na kitu kinachotengenezwa na mwili wenyewe kila siku.

Kitu hicho ni estrojeni, homoni ile ile inayomwezesha msichana kubaleghe, inayoutayarisha mji wa mimba kila mwezi na kuilinda mifupa isidhoofike.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani (WHO), lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 wanawake karibu 6,800 nchini Kenya walipatikana na saratani ya matiti. Zaidi ya 3,000 walikadiriwa kufariki kutokana na ugonjwa huo mwaka huo. Hakuna aina nyingine ya saratani iliyowapata wanawake wengi kiasi hicho humu nchini.

Mgonjwa anapopewa ripoti ya maabara baada ya kukatwa kinyama kidogo katika titi, aghalabu hukuta humo herufi mbili, ER, zikifuatwa na alama ya kujumlisha au ya kutoa. Wengi huzipita herufi hizo bila kuulizia maana yake. Ilhali ndizo zinazoamua iwapo tembe moja ya bei nafuu, inayomezwa kila siku nyumbani, inaweza kuyaokoa maisha yake au haitamfaa kitu.

Ili kuelewa ni kwa nini herufi hizo zina uzito kiasi hicho, yatubidi tuingie ndani ya seli na kutazama kinachotendeka huko estrojeni inapobisha hodi.

Kitabu na kurasa zake

Karibu kila seli ya mwili wa binadamu ina kiini, na ndani ya kiini mna DNA, yaani uzi mwembamba mno uliobeba maagizo yote ya uhai. Uzi huo ukinyoshwa hufikia urefu wa takriban mita mbili, lakini umekunjwa na kushindiliwa katika nafasi isiyoonekana kwa macho.

Maagizo hayo yamegawanywa katika jeni. Binadamu ana takriban jeni 20,000 zinazoeleza jinsi ya kutengeneza protini, na protini ndizo zinazofanya kazi zote za seli: kujenga, kubomoa, kusafirisha na kugawanyika.

Seli ya ini, ya ngozi na ya titi zote zina kitabu hicho kimoja. Tofauti yazo inatokana na kurasa zilizofunguliwa. Ukurasa unaosomwa kwenye ini umefungwa kwenye ngozi, na unaosomwa kwenye titi umefungwa kwenye ini.

Swali basi ni hili: nani huamua ukurasa upi ufunguliwe na upi ufungwe? Waamuzi ni wengi, lakini katika titi mmoja wa wakuu wao ni estrojeni.

Mgeni na mwenyeji

Estrojeni ni molekuli ndogo inayotengenezwa kutokana na kolesteroli. Kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi, sehemu kubwa yake hutoka katika ovari, kisha husafirishwa na damu hadi kila pembe ya mwili. Kwa kuwa ni ndogo na ina asili ya mafuta, hupenya utando wa seli bila kuzuiliwa.

Hata hivyo, kuingia si kusikilizwa. Seli nyingi huiacha estrojeni ipite kama mpita njia asiye na jamaa kijijini. Seli zinazoitikia ni zile tu zilizo na mwenyeji wake, protini iitwayo kipokezi cha estrojeni. Hicho ndicho kinachoandikwa ER kwenye ripoti za maabara.

Kabla ya homoni kufika, kipokezi huwa kimetulia, kimeshikiliwa na protini nyingine zinazokizuia kufanya kazi. Kina shimo dogo katikati, linalolingana na umbo la estrojeni kama vile kufuli linavyolingana na ufunguo wake.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Estrojeni inapotumbukia katika shimo hilo, kipokezi hubadilika umbo mara moja. Sehemu yake moja, mfano wa kifuniko cha chungu, hujifunga juu ya homoni. Kufungwa kwa kifuniko hicho huunda kijibonde upande wa nje, na kijibonde hicho ndicho mahali ambapo protini wasaidizi hushika. Msomaji akikumbuke kifuniko hiki, maana tutarejea kwake tutakapofika kwenye dawa.

Vipokezi viwili vilivyopata homoni hushikana pamoja na kuitafuta sehemu maalumu katika DNA. Lugha ya DNA ina herufi nne tu, A, C, G na T. Sehemu inayotafutwa huwa na herufi 13: GGTCA, kisha herufi tatu zozote, kisha TGACC. Mara nyingi huwapo tofauti ya herufi moja au mbili, na bado vipokezi huitambua.

Mpangilio huo una siri yake. DNA ina nyuzi mbili zinazoelekea pande tofauti, na nusu ya pili ya herufi hizo ikisomwa kwenye uzi wa pili, huwa sawa kabisa na nusu ya kwanza. Ndiyo maana vipokezi viwili vinavyofanana huweza kuketi hapo bega kwa bega, kila kimoja kikishika nusu yake.

Vipokezi haviwezi kufika popote vipendapo. DNA imeviringwa kwenye protini mithili ya uzi wa fundi cherehani kwenye kigurudumu chake, na palipokazwa sana hapafikiki. Kuna protini nyingine, iitwayo FOXA1, ambayo hutangulia kuulegeza uzi huo na kuuweka wazi. Pasipokuwa na mtangulizi huyo, sehemu nyingi ambazo kipokezi kingeshika hubaki zimefungwa.

Mwaka wa 2005 na 2006, watafiti wa mjini Boston, Marekani, wakiongozwa na Myles Brown, walichora ramani ya mahali ambapo kipokezi cha estrojeni hushika DNA katika seli za saratani ya matiti. Waligundua maelfu ya sehemu. La kushangaza ni kuwa chache tu kati ya hizo zilikuwa karibu na mwanzo wa jeni. Nyingi zilikuwa mbali mno, na ili zifanye kazi, DNA hujipinda kama kamba hadi sehemu ya mbali ikakutana na jeni inayoiamrisha.

Jeni zinazowashwa na zinazozimwa

Vipokezi vikishaketi, wasaidizi huitwa. Baadhi yao hubandika alama za kemikali kwenye protini zilizoviringiwa DNA ili uzi ulegee zaidi. Wengine huita mtambo wa seli unaonakili jeni. Nakala hutoka ndani ya kiini na kupelekwa mahali ambapo protini hutengenezwa.

Yote haya hayachukui siku. Mabadiliko ya kwanza katika unakili wa jeni huanza kuonekana dakika chache baada ya seli kupata estrojeni, na kufikia saa moja mamia ya jeni huwa yamekwisha kuathiriwa.

Miongoni mwa jeni zinazowashwa ni MYC, ambayo huisukuma seli kukua, na ile ya saiklini D1, ambayo huifungulia seli lango la kuanza kugawanyika. Huwashwa pia BCL2, jeni inayoizuia seli kufa wakati ambapo ingestahili kufa. Kwa maneno mengine, amri moja huiambia seli ikue, igawanyike na isife.

Jeni nyingine inayowashwa ni ya kipokezi cha homoni iitwayo projesteroni, kinachoandikwa PR kwenye ripoti. Ndiyo sababu madaktari hupima ER na PR pamoja. PR ikionekana, mara nyingi ni dalili kwamba kipokezi cha estrojeni kipo na kwamba amri zake zinatekelezwa.

Kwa upande mwingine, estrojeni huzima jeni nyingi pia, zikiwemo baadhi ya zile zinazodhibiti ukuaji wa seli. Huku mguu ukikanyaga mafuta, breki nayo hulegezwa.

Msomaji atauliza: ikiwa homoni hii ina nguvu hizo, mbona kila mwanamke hapati saratani? Jibu moja limo katika tofauti kati ya titi lenye afya na lenye ugonjwa.

Katika titi lenye afya, seli zenye vipokezi vya estrojeni kwa kawaida si zile zinazogawanyika. Zikipokea amri, huwapelekea ujumbe majirani zao, na majirani ndio wanaoongezeka kwa kiasi kinachohitajika. Kuna nafasi kati ya anayesikia amri na anayeitekeleza, na nafasi hiyo ni ulinzi.

Katika saratani nyingi za matiti, ulinzi huo huwa umevunjika. Seli inayosikia estrojeni ndiyo hiyo hiyo inayogawanyika, na kila binti anayezaliwa naye huwa na kipokezi. Hapo kila tone la homoni huwa ni mbolea kwa uvimbe.

Kutoka Glasgow hadi Chicago

Dalili ya kwanza kwamba ovari zina uhusiano na saratani ya matiti ilipatikana kabla hata neno homoni halijaanza kutumika. Mwaka wa 1896, daktari mpasuaji wa Glasgow, Uskoti, George Beatson, alichapisha taarifa kuhusu wanawake waliokuwa na saratani iliyokwisha kusambaa, ambao aliwatoa ovari. Uvimbe wa mgonjwa wake wa kwanza ulinywea baada ya miezi kadhaa.

Beatson alikuwa amechunguza utoaji wa maziwa kwa wanyama, na alijua kwamba katika baadhi ya nchi wafugaji walikuwa wakiwatoa ng'ombe ovari ili waendelee kukamuliwa kwa muda mrefu. Alifikiri kwamba ovari huenda zina mamlaka juu ya titi. Alifikiri sawa, ingawa hakuweza kueleza ni kwa njia gani.

Estrojeni yenyewe ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1929, na wanasayansi wawili waliofanya kazi mbalimbali, Edward Doisy nchini Marekani na Adolf Butenandt nchini Ujerumani. Hata hivyo, wengi bado walidhani kwamba homoni hiyo hufanya kazi kwa kuvunjwavunjwa na kemikali za mwili, kama kuni zinavyoteketea jikoni.

Dhana hiyo iliangushwa na Elwood Jensen wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwishoni mwa miaka ya 1950, yeye na mwenzake Herbert Jacobson walitengeneza estrojeni yenye alama ya mnururisho ili waweze kuifuatilia. Waliona kwamba mji wa mimba wa panya huikamata homoni hiyo na kuishikilia bila kuibadilisha hata kidogo. Basi lazima palikuwa na kitu kinachoishika. Kitu hicho kilikuwa kipokezi.

Jensen na wenzake walionyesha baadaye kwamba uvimbe wa saratani ya matiti wenye vipokezi vingi ndio ambao kwa kawaida huitikia matibabu ya kuondoa homoni, na usio navyo hauitikii. Fumbo la Beatson, ambaye tiba yake iliwafaa wagonjwa baadhi tu, likafumbuliwa.

Mchango mwingine ulitoka kwa mtawa mmoja wa Marekani aliyekuwa akiugua saratani ya matiti. Mwaka wa 1970, seli kutoka kwa maji yaliyokusanyika kifuani mwake zilioteshwa katika maabara mjini Detroit na Herbert Soule na wenzake. Zilipewa jina la MCF-7, yaani herufi za kwanza za taasisi iliyozikuza na nambari ya jaribio lililofaulu.

Seli hizo zina vipokezi vingi vya estrojeni, na zingali zinaishi katika maabara kote ulimwenguni hadi leo. Kutokana nazo, mwaka wa 1986 kundi la Pierre Chambon wa Strasbourg, Ufaransa, liliweza kusoma jeni ya kipokezi chenyewe, sasa ikiitwa ESR1, iliyoko kwenye kromosomu ya sita. Sehemu kubwa ya yale tuliyokwisha kueleza kuhusu kuwashwa kwa jeni ilijulikana kutokana na seli za mwanamke huyo.

Dawa inayokikalia kiti

Mwaka wa 1962, mkemia Dora Richardson wa kampuni ya ICI nchini Uingereza alitengeneza kemikali ambayo ilikusudiwa kuwa dawa ya kuzuia mimba. Kwa lengo hilo haikufaulu. Hata hivyo, ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya matiti katika Hospitali ya Christie mjini Manchester, na matokeo kutolewa mwaka wa 1971, baadhi yao walipata nafuu. Dawa hiyo ndiyo tamoksifeni.

Tamoksifeni huingia katika shimo lile lile la kipokezi ambamo estrojeni hukaa. Lakini ina mkono mrefu unaojitokeza nje, na mkono huo hukizuia kile kifuniko tulichokitaja kisifunge. Kifuniko kisipofunga, kijibonde cha wasaidizi hakiundiki. Badala ya wasaidizi huja protini zinazonyamazisha, na jeni kama MYC na saiklini D1 hubaki zimezimwa.

Uchambuzi mkubwa uliokusanya majaribio ya nchi mbalimbali na kuchapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba wanawake wenye saratani yenye kipokezi cha estrojeni waliotumia tamoksifeni kwa takriban miaka mitano walipunguza hatari ya kufariki kutokana na ugonjwa huo kwa karibu thuluthi moja, katika miaka 15 tangu kuanza matibabu. Kwa wale ambao saratani yao haikuwa na kipokezi, dawa haikuleta faida yoyote. Ni kama kufunga mlango wa nyumba isiyo na mlango.

Dawa hii ina madhara yake. Wengi hupata joto la ghafla mwilini, na wachache hupatwa na damu kuganda katika mishipa au saratani ya mji wa mimba. Hili la mwisho lilikuwa fumbo kwa muda: dawa inayozima jeni katika titi, huwezaje kuziamsha katika mji wa mimba?

Sababu ni wasaidizi. Kila kiungo kina mchanganyiko wake wa protini zinazowasha na zinazonyamazisha. Katika titi tamoksifeni huwavuta wanyamazishaji, lakini katika mji wa mimba wasaidizi wa kuwasha wapo wa kutosha. Ndiyo maana mwanamke anayetumia dawa hii, hasa aliyekoma hedhi, anapoona damu ikimtoka ukeni anapaswa kumwarifu daktari bila kuchelewa. Mifupa nayo hunufaika baada ya kukoma hedhi, kwani huko tamoksifeni hufanya kazi mfano wa estrojeni.

Kwa mwanamke aliyekoma hedhi kuna njia nyingine. Ovari zake zimepumzika, lakini mafuta ya mwili na viungo vingine huendelea kutengeneza estrojeni kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho aromatasi. Dawa za anastrozoli, letrozoli na eksemestani hukizuia kimeng'enya hicho, hivyo mgeni hafiki kabisa kwa mwenyeji. Kwa yule ambaye bado anapata hedhi, dawa hizo pekee hazifai, ila ovari zake zizimwe kwanza.

Jambo hilo pia linaeleza ni kwa nini unene wa kupindukia baada ya kukoma hedhi huongeza hatari ya saratani ya matiti. Mafuta huwa kama kiwanda kidogo cha homoni.

Saratani inapojifunza hila

Adui huyu si mjinga. Baada ya miaka ya matibabu, hasa ya kuzuia aromatasi kwa ugonjwa uliokwisha kusambaa, baadhi ya seli hupata mabadiliko katika jeni ya ESR1 yenyewe. Mabadiliko ya herufi moja tu ya DNA huweza kukifanya kile kifuniko kikae kimefungwa hata kama hakuna estrojeni. Mwenyeji huanza kutoa amri bila mgeni.

Kwa hali kama hiyo kuna dawa ambazo hukiharibu kipokezi chenyewe badala ya kukiziba tu. Fulvestranti, inayodungwa kwa sindano, ni mojawapo. Mwaka wa 2023 Marekani iliidhinisha elasestranti, dawa ya kumeza, kwa saratani iliyosambaa yenye mabadiliko ya ESR1.

Njia nyingine ni kuiacha amri itolewe lakini kuzuia utekelezaji wake. Saiklini D1 hufungua lango la kugawanyika kwa kushirikiana na vimeng'enya viwili, na dawa kama palbosikilibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2015, huvifunga vimeng'enya hivyo. Dawa hizi mpya ni ghali mno, na kwa wagonjwa wengi wa kwetu hubaki kuwa habari za kusoma. Tamoksifeni si ghali hivyo, na imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu.

Kipimo kinachoamua

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba saratani ya matiti ya wanawake Waafrika kwa kawaida haina kipokezi cha estrojeni, na kwa hivyo dawa za homoni haziwafai wengi wao. Utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka wa 2014 uliitia dhana hiyo kwenye mizani. Katika sampuli zilizotunzwa vyema, takriban saba kati ya kila kumi zilikuwa na kipokezi, kiwango kinachokaribiana na cha nchi nyingi za dunia.

Mbona basi tofauti na tafiti nyingine? Sehemu ya jibu ni fomalini.

Kinyama kinapokatwa katika titi, protini zake huanza kuharibika, na kipokezi cha estrojeni kikiwa miongoni mwazo. Mwongozo wa kimataifa unataka kinyama kitiwe katika fomalini ndani ya saa moja, na kikae humo kwa muda usiopungua saa sita wala kuzidi saa 72. Kikiachwa mezani mchana kutwa, au kikisafirishwa mbali ndani ya chombo chenye dawa kidogo, kipokezi kinaweza kutoweka kabla hakijafika mbele ya hadubini.

Katika maabara, kinyama hicho hukatwa vipande vyembamba na kupakwa kingamwili inayokitambua kipokezi. Viini vya seli vilivyo nacho hugeuka rangi ya kahawia. Ikiwa angalau asilimia 1 ya seli za saratani zimegeuka, ripoti husema ER ipo, ingawa ikiwa chini ya asilimia 10 huelezwa kuwa ni kidogo.

Fikiria basi mwanamke ambaye saratani yake ina kipokezi, lakini kinyama chake kilicheleweshwa. Ripoti husema hakuna. Daktari, akiiamini ripoti, hamwandikii tamoksifeni. Seli zilizosalia baada ya upasuaji huendelea kusikia estrojeni na kutii, huku tembe ambayo ingezinyamazisha ikikaa kwenye rafu ya duka la dawa. Kosa la saa chache hulipwa kwa miaka ya maisha.

Kosa la pili ni la mgonjwa mwenyewe. Tamoksifeni humezwa kila siku kwa miaka mitano, na kwa baadhi hadi kumi. Mwanamke aliyekwisha kupona jeraha, asiyehisi uchungu wowote, hujiuliza kwa nini aendelee kuvumilia joto la usiku, naye huacha. Ikumbukwe kwamba dawa haikiui kipokezi. Hukikalia kiti tu. Ikiondoka, kiti hubaki wazi, na estrojeni haijawahi kuondoka mwilini.

Mambo ya kuzingatia

Mgonjwa, au jamaa anayemsindikiza hospitalini, ana haki ya kuuliza maswali matatu. Je, kinyama kitapimwa ER, PR na HER2? Je, kitatiwa katika fomalini mara moja, na kitafikishwa maabara lini? Na je, ripoti ikisema hakuna kipokezi, kuna haja ya kurudia kipimo?

Nakala ya ripoti hiyo itunzwe nyumbani pamoja na hati nyingine muhimu. Mgonjwa akihamia hospitali nyingine, ndiyo itakayomwongoza daktari mpya.

Anayetumia dawa za homoni asiache bila kushauriana na daktari wake. Madhara mengi yanaweza kupunguzwa, na pengine dawa ikabadilishwa. Pia asitumie tamoksifeni akiwa mjamzito, kwani inaweza kumdhuru mtoto.

Wanaume nao wasijione wako salama kabisa. Takriban mgonjwa mmoja kati ya kila mia wa saratani ya matiti ni mwanamume, na saratani zao, kwa sehemu kubwa mno, huwa na kipokezi cha estrojeni.

Zaidi ya yote, uvimbe wowote mpya katika titi au kwapani, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyogeukia ndani au inayotoa damu, ni mambo ya kupelekwa kwa daktari mapema, hata kama hayaumi. Ufa unaozibwa leo ni nafuu kuliko ukuta wa kesho, na herufi mbili zilizopimwa vyema huweza kuwa ndizo udongo wa kuuzibia.